Uzio wa PHP na Kiungo Kinachouvuka

Oktoba 2006, Stefan Esser, mtafiti wa usalama kutoka Ujerumani na mwanzilishi wa mradi wa Hardened-PHP, alitoa tahadhari kuhusu PHP, lugha ambayo wakati ule, kama ilivyo hadi leo, iliendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Katika matoleo yote hadi 5.1.6, skripti iliyofungiwa ndani ya folda yake kwa agizo la open_basedir iliweza kutoka nje na kusoma faili za wenye tovuti wengine waliokuwa kwenye seva ileile. Kazi hiyo haikuhitaji vifaa vya ajabu. Zilitosha funksheni tatu ambazo kila anayejifunza PHP hukutana nazo mapema: mkdir ya kuunda folda, symlink ya kuunda kiungo cha ishara, na unlink ya kufuta. Udhaifu huo uliandikishwa kwa namba CVE-2006-5178.

PHP ya miaka ile ilikuwa na mianya mingi, na huu mmoja pekee usingestahili kukumbukwa. Kilichoupa uzito ni kauli ya Esser kwamba mwanya huo hauzibiki kwa ujumla ndani ya PHP, kwa sababu ni kasoro ya usanifu. Karibu miaka 20 imepita na kauli hiyo haijapinduliwa. Matukio yaliyofuata kwenye Apache, Nginx, Drupal, na hata kwenye lugha ya Rust iliyosifiwa kwa usalama, yameithibitisha kwa njia tofauti: programu inayolinda faili kwa kukagua jina la njia, kisha kufungua jina hilohilo baadaye, hailindi chochote endapo anayezuiwa ana uwezo wa kubadilisha jina linaelekea wapi.

Kiungo cha ishara, au simlinki kama mafundi wengi wanavyokiita, ni faili ndogo isiyo na kitu ndani yake ila maandishi ya njia. Ukiomba kufungua ripoti.txt, na ripoti.txt ni kiungo cha kwenda /home/asha/hesabu.txt, mfumo endeshi utafuata maandishi hayo na kukufungulia hesabu za Asha bila kukuuliza. Viungo hivi viliingia kwenye Unix kupitia ile ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo la 4.2BSD la mwaka 1983. Vina tabia mbili ambazo hadithi yote hii inazitegemea. Kwanza, mtu yeyote anaweza kuunda kiungo kuelekea popote, hata kwenye faili asiyoruhusiwa kuisoma, hata kwenye faili isiyokuwepo. Pili, ruhusa hukaguliwa wakati wa kufungua, na hukaguliwa kwa mamlaka ya yule anayefungua. Aliyekitega kiungo hahesabiwi.

Kiungo cha ishara si kifaa cha wahalifu. Watengenezaji wa tovuti wanakitegemea kila siku: toleo jipya la tovuti linawekwa kwenye folda yake, likikamilika kiungo kimoja kinahamishwa kutoka toleo la zamani hadi jipya, na wateja hawaoni hata sekunde moja ya tovuti iliyovunjika. Rasmus Lerdorf mwenyewe, aliyeianzisha PHP, alipokuwa Etsy alieleza mwaka 2013 jinsi kampuni hiyo ilivyobadilisha matoleo kwa kuhamisha kiungo cha folda kuu ya tovuti. Kwa hiyo wanaopendekeza viungo vya ishara vifutwe kabisa hawajafikiri vya kutosha.

Tatizo la PHP lilianzia kwenye biashara. Seva ya pamoja ni kama nyumba ya kupanga ambayo vyumba vyote vinafunguliwa na ufunguo mmoja: kila mpangaji ana mlango wake, lakini funguo hazitofautiani. Kwa miaka mingi PHP ilifanya kazi ndani ya seva ya wavuti ya Apache kama moduli, na Apache yenyewe huendeshwa kwa jina la mtumiaji mmoja: www-data kwenye Debian, apache kwenye Red Hat, nobody kwenye seva nyingi za kukodisha. Skripti ya mteja wa kwanza na ya mteja wa mia zote zilitembea kwa jina hilo. Mbele ya kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, wote hao walikuwa mtu mmoja.

Na mtu huyo mmoja ilikuwa lazima asome kila kitu. Tovuti ya WordPress huweka jina na nenosiri la hifadhidata kwenye faili ya wp-config.php, Joomla huyaweka kwenye configuration.php. Apache isipoweza kusoma faili hizo, tovuti haifunguki. Ikiweza kuzisoma kwa ajili ya mwenye tovuti, inaweza pia kuzisoma kwa ajili ya jirani yake.

Kampuni za kupangisha tovuti hazikutaka gharama ya kumpa kila mteja mchakato wake wa PHP wenye jina lake. Kumbukumbu ya seva ilikuwa ghali, na faida ilitokana na kubanana. Kwa hiyo PHP ikaombwa ijenge kuta yenyewe, kazi ambayo kwa haki ni ya mfumo endeshi. Ukuta wa kwanza uliitwa safe_mode: kabla ya kufungua faili, PHP ililinganisha mwenye skripti na mwenye faili, na wasipofanana ikakataa. Wa pili ni open_basedir: msimamizi anataja folda moja au kadhaa, na PHP inakataa njia yoyote inayotoka nje ya hizo.

Ni hapa penye kiini cha jambo. Skripti inapoomba kufungua faili, PHP kwanza inaichambua njia hadi mwisho, ikifuata kila kiungo, na kujiuliza kama jibu liko ndani ya uzio. Ikiridhika, inatoa amri ya kufungua. Lakini kerneli haipokei jibu lile la uchambuzi. Inapokea jina, na inalichambua upya tangu mwanzo. Kati ya uchambuzi wa kwanza na wa pili kuna muda. Ni mfupi mno, lakini upo, na mchakato mwingine unaweza kuingia hapo.

Esser alionyesha jinsi muda huo unavyotumiwa. Tuchukue mteja aliyefungiwa ndani ya /home/juma/web. Anaunda folda tatu, moja ndani ya nyingine: moja/mbili/tatu. Anaunda kiungo kiitwacho daraja, kinachoelekea kwenye ile ya tatu. Kisha anaunda kiungo cha pili, mlango, chenye maandishi yasemayo: ingia daraja, halafu panda juu ngazi tatu. PHP inakagua. Daraja linaishia kwenye tatu. Ukipanda ngazi tatu kutoka hapo unarudi /home/juma/web. Uko ndani ya uzio, ruhusa inatolewa. Sasa anafuta daraja na kuunda jingine kwa jina lilelile, safari hii likielekea kwenye folda ya web yenyewe. Maandishi ya mlango hayajaguswa hata herufi. Lakini ukiingia daraja hili jipya na kupanda ngazi tatu, unapita juma, unapita home, unafika kwenye mzizi wa seva nzima.

Akifungua mlango huo moja kwa moja kwa PHP atakataliwa, kwa kuwa ukaguzi utaona mzizi. Basi anaendesha skripti mbili kwa pamoja. Moja inabadilisha daraja huku na huko bila kupumzika, nyingine inaomba kufungua faili kupitia mlango, tena na tena. Mara nyingi inakataliwa. Inatosha mara moja ukaguzi uangukie kwenye daraja la halali na ufunguaji uangukie kwenye daraja la uongo. Kompyuta haichoki kujaribu.

Mtu angeuliza kwa nini PHP isiunganishe ukaguzi na ufunguaji viwe tendo moja. Jibu la Esser lilikuwa la kiufundi na la kukatisha tamaa. Sehemu kubwa ya faili ambazo skripti inaomba hazifunguliwi na PHP yenyewe. Zinafunguliwa na maktaba za watu wengine: za picha, za hifadhidata ndogo, za kupakua kutoka mtandaoni. PHP hukagua jina, kisha inaikabidhi maktaba jina hilo, nayo maktaba hufungua kwa namna yake. PHP haina mkono pale. Ingebidi kila maktaba iandikwe upya ili uzio uwe uzio kweli.

Tiba aliyopendekeza ilikuwa kuizima symlink kwa kutumia agizo la disable_functions. Kiendelezi chake cha Suhosin kilifanya hivyo chenyewe: open_basedir ikiwashwa, symlink inakatazwa. Ni tiba inayokata mkono ili kidole kipone, lakini ilikuwa ya kweli. Miezi miwili baadaye, Desemba 2006, Esser alijiondoa kwenye kikosi cha usalama cha PHP, na Machi 2007 akatumia mwezi mzima kuchapisha mianya ya PHP hadharani, mmoja baada ya mwingine. Wapo waliomlaumu kwa njia aliyochagua. Kuhusu symlink, hata hivyo, alikuwa amesema ukweli mapema na kwa lugha isiyo na utata.

Wasanidi wa PHP nao walilipa gharama nyingine ambayo wenye tovuti wengi hawaijui. Ili kuepuka kuchambua njia ileile mara mamia kwa kila ombi, PHP huhifadhi majibu ya uchambuzi kwenye kache kwa sekunde 120. Lakini kache hiyo ni kuuongeza kwa makusudi muda uleule ambao mshambuliaji anautafuta: dakika mbili nzima PHP inaamini jina linaelekea kule lilikoelekea awali. Kwa hiyo open_basedir ikiwashwa, kache hiyo inazimwa. Tovuti kubwa inayovuta mamia ya faili kwa kila ukurasa inaanza kuiuliza diski kuhusu kila folda ya kila njia. Watu wamelalamika kwa miaka kwamba tovuti zao ni nzito kwenye seva fulani bila kujua sababu ni hii, na uzio unaoleta uzito huo bado unavukika.

Unavukika kweli. Mwaka 2009 mtafiti mwingine, Maksymilian Arciemowicz, aliitumia tena symlink kukwepa open_basedir katika matoleo ya 5.2 na 5.3. Mwaka huohuo PHP 5.3 ilitangaza kwamba safe_mode inaelekea kuondolewa, na katika toleo la 5.4 la mwaka 2012 ikaondolewa kabisa. Open_basedir ilibaki, lakini mwongozo rasmi wa PHP sasa unawaambia wasomaji wake waziwazi kwamba ni kinga ya nyongeza tu na haitoshi kutegemewa pale usalama unapohitajika. Bado ilipofika Novemba 2023, toleo la 8.3 lililazimika kukataza skripti kubadilisha open_basedir kwa kutumia njia zenye alama ya kupanda juu, hila ambayo ilikuwa ikiwatoa watu nje ya uzio bila hata kiungo.

Wakati wataalamu wakijadili mashindano ya sehemu za sekunde, wahalifu walikuwa wameona njia rahisi zaidi. Open_basedir inaifunga PHP peke yake. Apache haiijui. Mhalifu aliyeingia kwenye tovuti moja dhaifu ya seva ya pamoja, labda kwa programu-jalizi iliyozeeka, anasoma orodha ya watumiaji kwenye /etc/passwd, anakisia mahali ilipo wp-config.php ya kila mmoja, kisha anaunda viungo kwenye folda yake, kimoja kwa kila jirani, vyenye majina yanayoishia na .txt. Halafu anafungua kivinjari. Apache inafuata kiungo, inaona faili ya maandishi, inaitoa kama ilivyo: jina la hifadhidata, mtumiaji, nenosiri. Skripti za kufanya kazi hii zimesambaa kwa miaka mingi na hazihitaji ujuzi. Ndiyo maana ilikuwa kawaida kuona tovuti nyingi za seva moja zikichafuliwa usiku mmoja, ingawa iliyokuwa na kasoro ni moja. Mwenye duka aliyesasisha WordPress yake kila wiki aliamka na kukuta ukurasa wake umeandikwa jina la mtu asiyemjua.

Apache ina agizo linaloonekana kama jibu, SymLinksIfOwnerMatch, linalofuata kiungo ikiwa tu mwenye kiungo na mwenye faili ni mmoja. Kampuni nyingi ziliwasha hilo na kulala usingizi. Nyaraka za Apache zenyewe zinaonya kwamba agizo hilo lisichukuliwe kama kinga ya usalama, kwa sababu ukaguzi wake nao unaweza kuwahiwa. Ni kosa lilelile la PHP, limehamia chumba cha pili: kagua jina, kisha fungua jina. Watengenezaji wa cPanel, programu ya kusimamia seva za kukodisha, walilazimika kuongeza kinga maalumu dhidi ya mashindano ya viungo, na CloudLinux, mfumo endeshi wa seva za pamoja, ikaingiza ukaguzi huo ndani ya kerneli, ambako kufuata kiungo na kukagua mmiliki wake ni tendo moja lisilo na mwanya katikati.

Kosa hili ni la zamani kuliko PHP, kuliko wavuti, na kuliko viungo vya ishara vya Unix. W. S. McPhee wa IBM alilieleza mwaka 1974 alipoandika kuhusu uimara wa mifumo mikubwa ya kampuni hiyo. Mwaka 1993 wasimamizi wa Unix walitahadharishwa kuhusu xterm: programu hiyo iliendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, root, na ilipoombwa kuandika kumbukumbu za kazi kwenye faili, iliwezekana kuibadilishia faili ile kwa kiungo ikaandika mahali pengine. Mwaka 1996 Matt Bishop na Michael Dilger wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha utafiti wa namna ya kuitafuta mianya ya aina hii ndani ya msimbo.

Sehemu inayovutia zaidi katika historia hii ni ubishani wa wanasayansi wa mwaka 2004 na 2005. Drew Dean na Alan Hu walithibitisha kwanza kwamba, kwa amri za kawaida za Unix za wakati ule, hakuna njia ya uhakika kamili ya kuzuia mshambuliaji asibadilishe jina kati ya ukaguzi na ufunguaji. Kisha wakapendekeza njia ya bahati nasibu: kagua na ufungue mara nyingi mfululizo, ukilinganisha kila mara kama ni faili ileile. Mshambuliaji atalazimika kushinda mashindano yote, na nafasi yake inakuwa ndogo mno. Wazo lilionekana zuri. Mwaka uliofuata Nikita Borisov na wenzake wa Berkeley walilivunja. Walijenga folda ndani ya folda ndani ya folda, kwa maelfu, na kuziunganisha kwa viungo, ili kerneli ichukue muda mrefu kutembea njia nzima na ilazimike kusubiri diski. Muda mfupi mno ukawa muda mrefu wa kutosha. Mshambuliaji hakuhitaji tena bahati. Aliweza kumsubiri mlinzi njiani na kubadilisha jina kwa utulivu.

Matokeo hayo yalifunga mlango kwa wote waliokuwa wakijitetea kwamba muda ni mdogo na hauwezi kutumika. Bado mtu anakutana na utetezi huo leo, na hauna msingi.

Mfano unaoonyesha madhara kamili unatoka kwa Nginx, seva ya wavuti iliyokuja kushindana na Apache. Mwaka 2016 Dawid Golunski aligundua kwamba vifurushi vya Nginx vya Debian na Ubuntu viliifanya folda ya /var/log/nginx iwe mali ya www-data. Inaonekana jambo dogo: seva inaandika logi zake, basi iwe mwenye folda. Lakini mchakato mkuu wa Nginx huendeshwa na root, na ndio unaofungua faili za logi. Mhalifu aliyekwisha kuingia kwenye skripti ya PHP, mwenye mamlaka ya www-data tu, anafuta error.log na kuweka badala yake kiungo kuelekea /etc/ld.so.preload. Anasubiri. Saa 12 na dakika 25 alfajiri, kwa mpangilio wa kawaida wa Debian, kazi za kila siku zinaanza. Logi za zamani zinafungwa na Nginx inaambiwa ifungue mpya. Root anafuata kiungo na kuunda faili ambayo kila programu ya seva huisoma inapoanza, na faili hiyo iko mikononi mwa www-data. Kutoka hapo hadi kuwa root ni hatua moja. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2016-1247, na haukuhusu hata mstari mmoja wa msimbo wa Nginx. Ulihusu nani ni mwenye folda.

Golunski alikuta mambo yanayofanana mwaka huohuo kwenye vifurushi vya Tomcat na kwenye MySQL. Mtu anayesimamia seva anapaswa kuvichunguza visa hivi kwa makini zaidi kuliko mianya inayovuma kwenye habari, kwa sababu vinafundisha kitu ambacho hakiondoki kwa kusasisha programu: root hapaswi kuandika kwenye folda ambayo mtu mwingine anaimiliki.

Viungo huingia pia kwa njia ya mizigo. Faili ya tar, inayofunga faili nyingi pamoja, inaweza kubeba viungo vya ishara ndani yake, na programu inayoifungua huviunda upya. Mshambuliaji anapanga mambo mawili kwa mfuatano: kwanza kiungo kinachoelekea nje ya folda, kisha faili inayodai kukaa ndani ya kiungo hicho. Majina yote mawili yanaonekana salama kwenye karatasi. Januari 2021 Drupal, mfumo wa kujenga tovuti, ilitoa tahadhari ya hali ya juu kwa sababu hiyo, kupitia Archive_Tar, maktaba ya PHP ambayo Drupal iliitumia kufungua mizigo. Haikuwa nadharia: mwaka 2022 shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, liliuingiza udhaifu huo, CVE-2020-36193, kwenye orodha ya mianya inayojulikana kutumiwa na wahalifu.

Wanaoamini kwamba suluhisho ni kuachana na PHP na kuhamia lugha mpya watazame Januari 2022. Rust, lugha iliyojengwa ili makosa ya kumbukumbu yasiwezekane, ilitoa toleo la 1.58.1 kwa haraka kwa sababu funksheni yake ya kufuta folda na vyote vilivyomo ilikuwa ikikagua kwanza kama ni kiungo, kisha ikaingia. Aliyewahi kubadilisha folda kwa kiungo katikati aliweza kuifanya programu yenye mamlaka ifute vitu vya nje. Python ilikuwa imelishughulikia jambo hilo kwenye funksheni yake kama hiyo katika toleo la 3.3 la mwaka 2012. Lugha inaweza kulinda kumbukumbu yake. Jina la faili ni mali ya mfumo endeshi, na kila mchakato una haki ya kuligusa.

Basi suluhisho liko kwenye kerneli, na sehemu kubwa yake imeshapatikana. Linux 3.6, iliyotoka Septemba 2012, ilileta kinga iliyofanyiwa kazi na Kees Cook kwa kufuata mawazo ya miradi ya Openwall na grsecurity: kwenye folda za wote kama /tmp, kiungo hakifuatwi isipokuwa anayekifuata ndiye aliyekiunda, au mwenye folda ndiye mwenye kiungo. Kinga hiyo iliua kundi zima la mianya iliyokuwa ikiripotiwa mwaka hadi mwaka. Linux 5.6 ya mwaka 2020 ikaongeza amri mpya ya kufungua faili, openat2, kazi ya Aleksa Sarai, inayomruhusu msanidi kuiambia kerneli: fungua njia hii, lakini usitoke nje ya folda hii, au usifuate kiungo chochote. Ukaguzi na ufunguaji vinakuwa tendo moja. Sarai alijua anachokifanya. Kabla ya hapo alikuwa ameonyesha jinsi amri ya kunakili faili ya Docker ilivyoweza kuhadaiwa kwa kiungo kilichobadilishwa katikati ya kazi.

Kwa upande wa PHP, hatua kubwa haikuja kama kiraka cha open_basedir. Ilikuja Julai 2010, PHP-FPM ilipoingizwa ndani ya PHP 5.3.3. Kwa mfumo huo kila tovuti inaweza kuendeshwa na kundi lake la michakato lenye jina lake la mtumiaji. Juma anakuwa Juma na Asha anakuwa Asha mbele ya kerneli. Faili ya wp-config.php inapewa ruhusa 600, mwenyewe tu ndiye asome, na kiungo cha jirani kuelekea faili hiyo kinabaki kuwa maandishi yasiyomfikisha popote, awe ameshinda mashindano au hakushinda. Kampuni zinazotumia CageFS ya CloudLinux huenda mbele zaidi, kila mteja haoni hata kwamba wengine wapo.

Vifaa hivi vyote vipo, vingi bila malipo. Kinachokosekana ni wateja kuvidai. Mwenye tovuti ya shule, ya SACCO au ya duka, aliyelipia kifurushi cha bei nafuu cha seva ya pamoja, ana haki ya kumuuliza anayempangisha maswali machache na kupata majibu ya moja kwa moja. Je, PHP ya tovuti yangu inaendeshwa kwa jina langu au kwa jina la wote? Je, faili yangu ya nenosiri inaweza kupewa ruhusa 600 na tovuti ikaendelea kufunguka? Je, kinga dhidi ya viungo iko kwenye kerneli au kwenye mipangilio ya Apache tu? Swali la pili anaweza kulijaribu mwenyewe kwa dakika moja: abadilishe ruhusa, afungue tovuti. Ikigoma, ni ishara kwamba kuna mtu mwingine anayelazimika kuisoma faili hiyo, na mtu huyo anawatumikia majirani pia. Na anayempangisha akijibu kwamba wameweka open_basedir na hilo linatosha, ahamishe tovuti yake, abadilishe nenosiri la hifadhidata, na asichelewe.